Mwongozo Kamili: Kuandikisha Waathirika wa Mafuriko na Kugawa Misaada Bila Kumwacha Mpangaji, Mfugaji wala Mgeni

Kila masika kamati za mitaa na vijiji hukwama mahali pale pale. Maji yanapungua, misaada inafika, orodha inasomwa mbele ya ofisi ya mtendaji, na watu waliolala juu ya paa siku mbili hawasikii majina yao. Vurugu huanza hapo, na mara nyingi huishia kwa polisi kuitwa na magunia kurudishwa stoo.

Waandikishaji wengi hawakukusudia kumbagua mtu yeyote. Waliuliza swali moja tu, "Nyumba hii ni ya nani?", na swali hilo likatosha kuwaondoa wapangaji, wake wadogo, wafanyakazi wa ndani na wafugaji wa ng'ambo ya mto. Tabaka, kabila na mila huingia katika misaada kwa njia hiyo ya kimya, yaani kupitia swali lililoulizwa, mtu aliyeuliza, lugha aliyoitumia na mahali aliposimama akiuliza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za maafa za mtaa, kijiji na kata, pamoja na misikiti, makanisa na vikundi vya kusaidiana vinavyojikuta vikigawa misaada katika siku kumi za mwanzo. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, lakini utaratibu wenyewe unafaa popote penye watu mchanganyiko.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari gumu mawili, moja la watu na jingine la mali iliyopotea. Yasichanganywe, sababu imeelezwa katika hatua ya tatu na ya tisa.
- Kalamu zenye wino usiofutika kwa maji, na rangi au chaki ya kuandika namba kwenye milango.
- Karatasi kubwa za manila za kuchorea ramani ya eneo.
- Kuponi zenye namba, zilizopigwa muhuri, zikiwa nyingi kuliko idadi ya kaya mnayoitarajia.
- Simu yenye kamera, pamoja na betri ya akiba.
- Kipaza sauti cha mkononi.
- Kamba na vigingi vya kutenga foleni, mizani, na ndoo ya kupimia ambayo kila mtu anaweza kuiona.
- Sanduku la malalamiko lenye kufuli mbili, funguo zikiwa kwa watu wawili wasio wa familia moja wala ofisi moja.
- Majina na namba za simu za wakalimani wawili kwa kila lugha inayozungumzwa eneo hilo, mmoja wao akiwa mwanamke.

Mkikosa kipaza sauti mnaweza kuendelea. Mkikosa wakalimani msianze, isipokuwa mna hakika kwamba kila mtu katika eneo hilo anakielewa Kiswahili cha ofisini.

## Hatua ya 1: Undeni timu isiyotoka upande mmoja

Watu sita hadi wanane wanatosha kwa mtaa mmoja. Miongoni mwao awepo mpangaji, awepo mwanamke anayeongoza kaya yake bila mume, awepo mtu wa kundi dogo la eneo hilo, na awepo kijana anayevijua vichochoro. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji awe msimamizi, lakini asiwe yeye anayeshika kalamu.

Sababu. Kiongozi wa mtaa anawajua wenye nyumba, kwa kuwa ndio wanaohudhuria mikutano na ndio anaowaona kila uchaguzi. Mpangaji aliyehamia miezi mitatu iliyopita hamjui kiongozi huyo, na kiongozi hamjui yeye. Hali ni hiyo hiyo kwa mfugaji anayeingia mjini siku ya mnada pekee.

Onyo. Mabalozi wa nyumba kumi wana msaada mkubwa, kwa kuwa wanazifahamu familia kwa karibu. Hata hivyo, nchini Tanzania cheo chao ni cha chama cha siasa, na wakiandikisha peke yao orodha itaitwa ya chama hata kama ni ya haki kabisa. Nchini Kenya swali kama hilo huwaandama wazee wa mtaa walio chini ya chifu. Watumieni kuonyesha njia, kisha aandike mtu mwingine.

Dalili ya mafanikio. Timu ikipita mtaani, watu wa aina zote wanamkuta ndani yake mtu wanayeweza kumwita kwa jina.

## Hatua ya 2: Choreni ramani kabla ya kuandika jina lolote

Tandikeni karatasi ya manila chini, waiteni watu wa makundi mbalimbali, na mwulizeni kila mmoja aonyeshe wanakolala watu. Msiulize ziliko nyumba, kwa kuwa walinzi hulala kwenye vibanda vya lindo, vibarua hulala kwenye majengo ambayo hayajakamilika, wavuvi hulala dagoni, wachimba mchanga hulala kando ya mto, na wachuuzi wengi hulala juu ya mali zao dukani.

Baada ya hapo tembeeni eneo lote kwa miguu, mkianzia upande wa bondeni. Timu nyingi huanzia barabarani, ambako magari hufika na ambako mara nyingi wanaishi wenye nafuu, na jua linapozama wanakuwa hawajafika kwa walioumia zaidi.

Onyo. Msitegemee orodha ya wapiga kura wala daftari la wakazi peke yake. Bonde la Rufiji, lililofurika tena mwaka 2024, linakaliwa na wakulima wenyeji pamoja na wafugaji, na baadhi ya wafugaji hao walihamia huko baada ya kuondolewa katika bonde la Usangu, kusini magharibi mwa Tanzania, miaka ya 2006 na 2007. Katika eneo la namna hiyo, orodha ya zamani huwaorodhesha wenyeji na kuwaruka waliokuja baadaye, ingawa maji yamewafika wote.

Dalili ya mafanikio. Ramani yenu ina angalau sehemu tatu au nne ambazo ofisi ya kijiji haikuwa nazo.

## Hatua ya 3: Andikisheni kwa chungu

Hii ndiyo hatua inayoamua haki au dhuluma ya kazi yote, na ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote. Chungu hapa ni kaya, yaani watu wanaopika na kula pamoja.

Chukulia nyumba ya kawaida ya bondeni jijini Dar es Salaam. Ina korido ndefu katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na uani kuna choo na bafu la pamoja. Mwenye nyumba anaishi kitongoji kingine, na huja kuchukua kodi kila baada ya miezi sita. Chumba cha kwanza anaishi mama ntilie na watoto wanne. Cha pili wanalala vijana watatu wa bodaboda. Cha tatu yumo bibi mjane na mjukuu wake. Cha nne kimepangwa na mchuuzi wa Kariakoo, ambaye hulala katikati ya marobota yake ya mitumba. Cha tano wamo mume, mke na mtoto mchanga, na cha sita wamo ndugu wawili wanaosoma chuo.

Mwandikishaji akiuliza nyumba ni ya nani, ataandika jina moja la mtu ambaye hata nguo hazikumlowa. Akiuliza nani wanapika chungu kimoja, ataandika kaya sita. Vijana wa bodaboda wanaweza kusema hawana jiko kwa kuwa wanakula kwa mama ntilie. Hao waandikwe kama kaya moja kwa kigezo cha kulala pamoja na kuchangia kodi.

Kanuni hiyo inatatua pia suala la ndoa za wake wengi. Katika maboma ya Wabarabaig na Wamaasai, kila mke ana nyumba yake na analisha watoto wake. Mume akiandikwa peke yake kama mkuu wa kaya, familia tatu zenye watoto kumi na watano zitapewa gunia moja, na mgawanyo wa gunia hilo utategemea nani anapendwa zaidi mwezi huo. Mwandikeni kila mke kwa jina lake na watoto wake. Ni busara kumweleza mume kwanza sababu ya kufanya hivyo, mbele ya mzee anayemheshimu, kwa kuwa mume anayeona ameondolewa heshima anaweza kuwazuia wake zake wasije kabisa.

Kwa kila chungu ulizeni maswali haya, kwa mpangilio huu:

1. Nani walilala hapa usiku wa kuamkia mafuriko? Tajeni wote, pamoja na wageni na mfanyakazi wa ndani.
2. Sasa mnalala wapi?
3. Yupo mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa anayetumia dawa kila siku, au mtu mwenye ulemavu?
4. Mnatumia lugha gani nyumbani, na kuna chakula ambacho hamli?
5. Simu yenu imesajiliwa kwa jina la nani?

Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini katika misaada ya fedha kwa simu ndilo linalowakwamisha maskini. Watu wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, mwajiri au rafiki. Jina likitofautiana na lililo kwenye orodha, malipo hurudi, na anayekosa ni yule yule ambaye hakuwa na kitambulisho cha kusajilia laini.

Kuhusu vitambulisho. Msimkatae mtu kwa kukosa kitambulisho. Maji yamechukua makabati mazima, na wapo ambao hawakuwahi kukipata kabla ya mafuriko. Nchini Kenya, Wamakonde wa pwani waliishi vizazi kadhaa bila uraia hadi Serikali ilipowatambua mwishoni mwa mwaka 2016, na Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023. Kama sharti lingekuwa kitambulisho, jamii hizo zingefutwa katika kila orodha ya miaka iliyotangulia. Badala yake, pokeeni ushahidi wa majirani wawili wanaotoka vyungu viwili tofauti, pamoja na jambo moja linaloweza kukaguliwa, kama vile daftari la shule la mtoto, kadi ya kliniki au risiti ya kodi.

Kuhusu kabila. Msiandike kabila la mtu katika daftari. Sensa za Tanzania ziliacha kuuliza swali hilo baada ya ile ya mwaka 1967, na nchini Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi za mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, orodha ya majina yenye makabila na mahali watu wanapolala ni hatari ikiangukia mikono mibaya. Lugha na chakula vinawapa taarifa mnayoihitaji kwa huduma. Mkitaka kujua kama kuna kundi lililoachwa, linganisheni idadi ya kaya zilizoandikwa kwa kila sehemu ya ramani yenu na idadi ambayo wakazi wenyewe waliitaja.

Daftari la mali lijazwe baada ya hapo, na siku nyingine ikiwezekana. Watu wakisikia "mali" na "msaada" kwa pamoja, mwenye vingi hujiona ana haki ya kupewa zaidi, na asiye na kitu huona aibu kutaja sufuria mbili na godoro.

Dalili ya mafanikio. Idadi ya kaya inazidi kwa mbali idadi ya majengo, na wanawake wengi wameandikwa kwa majina yao wenyewe, siyo kama mke wa fulani.

## Hatua ya 4: Someni orodha hadharani

Bandikeni na someni majina sehemu tatu tofauti, kwa mfano ofisi ya mtendaji, sokoni, na mahali wafugaji wanaponyweshea mifugo. Toeni siku moja nzima ya watu kudai kuongezwa au kupinga jina. Someni jina la anayewakilisha chungu na idadi ya watu wake, basi. Ugonjwa, ujauzito, namba ya simu na mahali mwanamke anayeishi peke yake anapolala visisomwe wala kubandikwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019.

Sababu. Majirani wanafahamiana kuliko kamati yoyote. Kaya hewa hufichuliwa hapa, na aliyesahaulika hukumbukwa hapa.

Onyo. Anayepinga jina kwa hoja kwamba "huyo si mwenyeji" hajatoa hoja. Swali ni kama mtu huyo alilala hapo usiku ule.

## Hatua ya 5: Tangazeni kwa lugha na kwa sauti inayoaminika

Tangazo liseme mambo manne: nani anatoa, kinatolewa nini na kiasi gani, anastahili nani, na lini na wapi. Kiasi kikitajwa hadharani, kilo moja inayopotea njiani huonekana.

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani mkoani Manyara na kuua watu 89. Eneo hilo lina wazungumzaji wa Kibarabaig, Kiiraqw na Kinyaturu, na wazee wengi, hasa wanawake, hutumia lugha hizo zaidi ya Kiswahili. Kwa mzee wa namna hiyo, tangazo la Kiswahili kupitia gari la matangazo ni kelele inayopita barabarani.

Huko Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 ulioua zaidi ya watu 2,200 uliwapata watu wa Beni na Butembo wanaozungumza Kinande na Kiswahili cha Kongo. Timu zilizofika na vipeperushi vya Kifaransa, magari makubwa na walinzi wenye silaha zilipokewa kwa mashaka, na mara nyingine kwa mawe. Mtu aliyeishi na vita miaka mingi ana sababu za kumshuku anayekuja na bunduki akisema ameleta dawa. Kwa hiyo tafuteni sauti ambayo watu walikuwa wakiisikiliza kabla ya maafa: muadhini, katekista, mkunga, mwalimu, kiongozi wa soko.

Dalili ya mafanikio. Msimamisheni bibi mmoja na kijana mmoja wasio wa kamati na waulizeni watapewa nini kesho. Wote wawili wajibu sawasawa.

## Hatua ya 6: Pangeni chakula na vifaa kwa kufuata maisha ya watu

Vipimo vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka chakula cha kalori 2,100 na maji yasiyopungua lita 15 kwa mtu kwa siku. Anzieni hapo, kisha tazameni mila.

Sembe bila sufuria, kuni na maji safi ni mzigo. Nyama iwe imechinjwa na mtu ambaye Waislamu na wasio Waislamu wote wanakubali kula alichochinja. Mafuriko yakiingia ndani ya Ramadhani, gaweni mapema ili watu wapike futari, na daku ifikiriwe. Msiwapange wafungaji foleni ya saa nane mchana juani. Wafugaji waliopoteza mifugo wamepoteza chakula na akiba kwa wakati mmoja, na watoto waliozoea maziwa hawahamii kwenye maharage kwa siku mbili.

Kwa wanawake, fungu liwe na khanga mbili, taulo za kike na nguo za ndani, na ligawiwe na wanawake. Palipo na utamaduni wa kujisitiri, mwanamke aliyepoteza buibui au mtandio hatatoka hemani kwenda foleni hata kama ana njaa. Kitambaa cha elfu chache ndicho kitakachompatia chakula chote kingine.

## Hatua ya 7: Msiichukulie kambi kama eneo lote la maafa

Watu wenye ndugu wenye nafasi huenda kwa ndugu. Wafugaji hubaki na mifugo iliyosalia. Wanaojaza madarasa ya shule ni wale wasio na ndugu mjini, ambao wengi wao ni wapangaji na wahamiaji. Mkigawa kambini pekee mtawakosa wafugaji na kaya zinazowahifadhi ndugu kumi katika vyumba viwili. Mkigawa vijijini pekee mtawakosa waliomo kambini. Wekeni vituo viwili.

Ndani ya kambi, lengo ni mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu, na choo kimoja kwa watu wasiozidi 50 katika siku za mwanzo, kisha 20 baadaye. Vyoo vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume, viwe na taa na komeo la ndani.

Palipo na ugomvi wa zamani, fikirini sana kabla ya kuweka watu pamoja. Katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya, Wapokomo wanaolima kando ya mto na Waorma wanaofuga waliuana mwaka 2012 na mapema 2013 kwa sababu zilizohusu ardhi, malisho na siasa, na mto ule ule hufurika na kuwasukuma wote kwenye miinuko michache. Wapewe sehemu tofauti za kulala, lakini maji, zahanati na kiasi cha mgao viwe vya pamoja na vionekane kuwa sawa. Mwulizeni kila upande kabla ya kupanga, kwa kuwa wapo waliooana na waliofanya biashara pamoja miaka yote, nao hawataki kutenganishwa.

## Hatua ya 8: Siku ya kugawa

Gaweni kwa namba za kuponi kwa makundi madogo, kila kundi na saa yake. Kibarua anayelipwa kwa siku akipoteza siku nzima kwenye foleni amelipia msaada huo, na wengi huacha kuja kwa sababu hiyo.

Tengeni foleni ya wanawake na ya wanaume, pamoja na njia fupi kwa wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Pimeni mbele ya watu, kwa ndoo ile ile. Aliyepokea aweke sahihi au dole gumba katika daftari la watu, mbele ya jina lake. Wasioweza kufika wapelekewe na watu wawili wasio ndugu.

Onyo. Msipige picha ya mtu akipokea bila ridhaa yake. Wapo wanaoona aibu hiyo ni kubwa kuliko njaa, na wakiona kamera huondoka kimya bila kulalamika.

Sanduku la malalamiko lifunguliwe kila jioni mbele ya wenye funguo wote wawili. Kwa wasioandika, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wakae mahali panapojulikana kwa saa mbili kila siku, wasikilize na kuandika. Kila lalamiko lijibiwe ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni hapana.

## Kama kuna waliofariki

Sehemu hii haina namba kwa kuwa hutangulia zote inapohitajika.

Miili ya watu waliokufa kwa maji au kwa kufukiwa kwa kawaida haileti magonjwa ya mlipuko, na hofu hiyo isiwe sababu ya kuzika kwa haraka katika kaburi la pamoja. Pigeni picha ya uso, mavazi na alama za mwili, wekeni namba isiyofutika, na andikeni mahali mwili ulipopatikana. Miili itunzwe na watu wa jinsia moja na marehemu. Waislamu watataka kuosha, kukafini na kuswalia mapema, na wengine watataka kusafirisha kwao au kusubiri ndugu. Vyote vinawezekana ikiwa utambuzi umefanyika vizuri.

Mlipuko wa maradhi ya kuambukiza kama Ebola ni suala jingine, na hapo wataalamu ndio wanaogusa mwili. Hata hivyo, ndugu wasimame kwa umbali salama, waone, waombe, na jina litajwe kaburini. Familia iliyonyimwa hayo huficha mgonjwa anayefuata.

## Hatua ya 9: Fuatilieni fidia na kuhamishwa

Kamati nyingi huvunjwa baada ya gunia la mwisho, ilhali tofauti za tabaka huanza kuuma hasa baada ya hapo.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoipiga Dar es Salaam, Serikali iliwapatia waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Kiwanja kina maana kwa mwenye nyumba. Mpangaji aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi Kariakoo kubeba mizigo hakuwa na cha kujengea, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingemlia sehemu kubwa ya kipato.

Mei 2024 makazi ya kandokando ya mito yalibomolewa Mathare na Mukuru jijini Nairobi, na Serikali ikaahidi shilingi 10,000 za Kenya kwa kila kaya iliyoondolewa. Kaya ndilo lililokuwa neno la ahadi hiyo, na wakazi wengi wa huko ni wapangaji wa vyumba vya mabati. Mtaa usio na daftari la vyungu hauna njia ya kuthibitisha kaya zake.

Hata wenye nyumba hawako salama. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, mpango wa jimbo la Louisiana nchini Marekani ulikadiria ruzuku za ujenzi kwa kutazama thamani ya nyumba kabla ya kimbunga. Nyumba katika mitaa ya watu weusi zilikuwa na thamani ndogo sokoni, ingawa saruji na mbao ziliuzwa kwa bei moja mji mzima. Waliofungua kesi walisubiri hadi 2011, yalipofikiwa makubaliano ya nyongeza ya dola milioni 62. Fomula ile haikutaja rangi ya mtu mahali popote.

Kwa hiyo mkutano wowote wa fidia ukiitishwa, nendeni na daftari zote mbili na mulize mambo manne kwa maandishi: kipimo ni thamani ya zamani au gharama ya kujenga upya, mpangaji anapata nini, mke asiye na jina kwenye hati anapata nini, na eneo jipya liko umbali gani na nauli yake kutoka mahali watu wanapofanyia kazi.

Ombeni majibu nayo yawe kwa maandishi, yenye tarehe na muhuri. Nakala moja ikae kwa mtendaji, ya pili kwa mwakilishi wa wapangaji, na ya tatu msikitini au kanisani. Baada ya miezi mitatu fungueni daftari la watu, chagueni kaya ishirini kutoka sehemu zote za ramani, zikiwemo zile ambazo ofisi haikuwa nazo, na mzitafute zilipo. Mkizikuta zote, na mkakuta malipo yaliyoahidiwa yamefika kwa mpangaji kama yalivyofika kwa mwenye nyumba, daftari hilo lifungwe na kukabidhiwa kata kwa sahihi.